Mlevi, mvutaji na bodaboda asiyevaa kofia: watibiwe kwa fedha ya wote au wajilipie?

Tuseme zahanati ya kijiji imepokea nyuzi za kushonea vidonda na chupa za dripu, na mzigo huo unatakiwa ufike mwisho wa mwezi. Jumamosi usiku analetwa kijana aliyeanguka na pikipiki akitoka kilabuni. Hana kofia ngumu na ananuka pombe. Anashonwa, anatundikiwa dripu, anapata nafuu. Jumatano anakuja mama na mtoto aliyejikata na jembe, anaambiwa nyuzi zimekwisha, akanunue duka la dawa.

Mama huyo akisema kijana yule angelipia mwenyewe, tumjibu nini? Wahenga walishaliona: mchuma janga hula na wa kwao. Lakini methali hiyo inaeleza tu jinsi mambo yanavyokwenda. Haisemi kama ni haki.

Katika makala haya tunaeleza nani anatibiwa bure kwa sasa, hoja ya wanaotaka aliyejiletea ugonjwa ajilipie, na yaliyotokea pale kanuni za namna hiyo zilipojaribiwa, hapa kwetu na nchi za nje.

"Bure" inalipwa na nani?

Nchini Tanzania, kwa miaka mingi baada ya uhuru, matibabu katika vituo vya serikali yalikuwa bure. Mwaka 1993 serikali ilianza kuwachangisha wagonjwa, kwanza katika hospitali kubwa, kisha utaratibu ukashuka hadi ngazi za chini. Ili uchangiaji usiwaache wengine nje, yaliwekwa makundi ya msamaha: wajawazito, watoto walio chini ya miaka 5, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, watu maskini wanaotambuliwa na serikali ya kijiji na ustawi wa jamii, na wagonjwa wa maradhi kama kifua kikuu, ukoma na UKIMWI. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliendeleza makundi hayo.

Ukiisoma orodha hiyo kwa makini utaona kitu kimoja. Inauliza umri wako, hali yako, uwezo wako na aina ya ugonjwa wako. Haiulizi uliupataje. Mwenye kifua kikuu haulizwi kama ameupata mgodini, nyumbani au kilabuni. Mjamzito haulizwi kama mimba ilipangwa.

Asiye katika makundi hayo hulipa papo kwa papo au hutumia bima. Wengi vijijini wanaifahamu CHF iliyoboreshwa, iliyokuwa ya shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, yenye lengo la kumwingiza kila mkazi katika bima. Kenya nayo ilibadilisha mfumo wake Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF. Huko mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya hulipiwa na mfuko wa serikali.

Kwa hiyo "bure" maana yake ni kwamba mwingine amelipa: kwa kodi ya sabuni, ya mafuta ya taa, ya vocha ya simu, au kwa mchango wa bima wa jirani ambaye mwaka huu hakuugua. Na mlevi naye amelipa. Kila chupa ya bia na kila pakiti ya sigara ina ushuru ndani yake, na huenda mnywaji amechangia hazina kuliko jirani yake asiyekunywa. Wa gongo ndiye hajalipa ushuru huo. Tutamrudia baadaye.

Kuna jambo lingine ambalo msikilizaji wa kijijini analijua kuliko sisi tunaokaa studio. Msamaha wa kwenye karatasi si dawa mkononi. Mzee anafika na kitambulisho chake, anaonwa bila malipo, kisha anaandikiwa dawa akanunue. Hasira dhidi ya mlevi inaanzia hapo. Rafu zingekuwa zimejaa, ni wachache ambao wangehesabu ni nani alitumia nyuzi.

Hoja ya wanaotaka ajilipie

Hoja hii si ya kupuuzwa, na wenye kuitoa si watu wakatili. Wanasema hivi: mfuko ni wa wote na ni mdogo. Mtu mzima mwenye akili timamu ameonywa na redio, na muuguzi, na picha ya ajali kwenye bango, na mkewe. Ameamua. Kwa nini uamuzi wake ulipiwe na mtu aliyejinyima? Katika vikundi vya kuweka na kukopa, asiyeleta hisa hapati mkopo. Asiyefika kwenye msaragambo hutozwa faini. Kwa nini zahanati peke yake isiwe na masharti?

Hoja hiyo ina uzito. Lakini ukitaka mfano wa mfuko wa pamoja, kuna ulio karibu zaidi na ugonjwa kuliko kikundi cha mikopo: kikundi cha kuzikana. Kikundi hicho hakiulizi marehemu amekufa kwa nini. Aliyekufa kwa malaria, aliyekufa kwa pombe na aliyegongwa akivuka barabara bila kutazama, wote wanapata sanda, jeneza na chakula cha waombolezaji, ilimradi ada yao ililipwa. Vikundi hivi havikuandikiwa katiba na wataalamu. Wanakijiji wenyewe waliona kwamba wakianza kuchunguza sababu za vifo kabla ya kutoa rambirambi, kikundi kitakufa kabla ya wanachama wake.

Wapo pia wanaosema malipo yatakuwa fundisho: mtu akijua atajilipia, atajihadhari. Hapa hoja inalegea. Dereva wa bodaboda anayekimbiza pikipiki usiku bila taa ameshaweka rehani mguu wake na uhai wake. Ambaye hakuogopa hivyo, ataogopa risiti ya zahanati? Na mtu aliyefika hatua ya kutetemeka asubuhi mpaka apate kinywaji, huyo pombe imeshamtawala. Kwake uamuzi wa kunywa haufanani na uamuzi wako wa kununua soda.

Ini lililovimba halisemi limeharibiwa na nini

Hata tukikubaliana kwamba aliyejitakia ajilipie, itabidi mtu fulani, pale zahanati, aamue nani alijitakia. Kwa kawaida atakuwa muuguzi mmoja mwenye wagonjwa 40 kwenye foleni.

Chukua ini. Mwanamume analetwa macho yakiwa ya njano, tumbo limejaa maji, miguu imekonda. Kijiji kizima kinasema: pombe. Inaweza kuwa kweli. Lakini homa ya ini aina ya B humfikisha mtu mahali hapo hapo, na watu wengi barani Afrika huambukizwa virusi vyake wakiwa wachanga au watoto wadogo, kabla hata ya kujua pombe ni nini. Kwa jamii za kando ya Ziwa Victoria kuna kichocho cha tumbo. Kimelea huingia kupitia ngozi mtu anapokuwa majini, na kisipotibiwa kwa miaka huharibu ini, huvimbisha tumbo na kumfanya mgonjwa atapike damu. Mvuvi hana namna ya kuvua bila kulowa.

Kisha kuna sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafa. Dalili zilikuwa za ini kushindwa kazi. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katikati ya Tanzania, mikoa ya Dodoma na Manyara. Hao walichagua nini? Walikula ugali.

Mapafu ni hivyo hivyo. Kikohozi kisichoisha na pumzi fupi ni dalili zinazojulikana za mvutaji sigara. Lakini mwanamke aliyepika kwa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha kwa miaka 30 anaweza kuwa na mapafu yaliyoharibika kama ya mvutaji, bila kugusa sigara hata siku moja. Mchimbaji mdogo anayevuta vumbi la mwamba hupata ugonjwa wa mapafu, na hilo humweka katika hatari kubwa zaidi ya kifua kikuu. Na mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua anaweza kuugua bila kuvuta kabisa, kwa sababu nikotini hupenya kwenye ngozi anaposhika majani mabichi yaliyolowa umande, akapata kizunguzungu na kutapika. Nchi inamsifu kwa kuleta fedha za kigeni. Akikohoa, tumtoze?

Kisukari nacho watu wamezoea kukiita ugonjwa wa wanaokula vizuri. Kipo kinachoanza utotoni ambacho hakihusiani na sukari aliyokula mtu. Na mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitambua rasmi aina ya tano, inayohusishwa na utapiamlo wa muda mrefu. Huo ni ugonjwa wa waliokosa chakula, kinyume kabisa na tunavyodhani.

Sisemi kwamba hakuna mtu aliyewahi kujiletea ugonjwa. Wapo, na wengine wanakiri wenyewe. Ninachosema ni kwamba kwa mgonjwa mmoja mmoja, mlangoni, mara nyingi haiwezekani kujua. Na pasipojulikana, kinachoamua ni sura ya mtu, nguo zake, kabila lake, na kama ana ndugu yake ofisini. Tajiri mwenye shinikizo la damu aliloliletea kwa nyama na bia ataitwa mgonjwa. Maskini mwenye ugonjwa ule ule ataitwa mzembe.

Ugonjwa uliofichwa humrudia jirani

Mfano mkubwa kuliko yote tunao wenyewe. Miaka ya 1980 na 1990 hakuna ugonjwa uliohesabiwa kuwa wa kujitakia kama UKIMWI. Watu walifichwa vyumba vya uani, walilishwa kwa sahani zao peke yao, walizikwa kwa minong'ono. Laiti serikali ingesema basi, waliojitakia wajinunulie dawa, wengi wangeiunga mkono.

Tanzania ilichukua njia nyingine. Kuanzia mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure, kwa fedha nyingi za wafadhili wa nje, bila kuuliza mtu alivipataje. Wakati huo sababu ilikuwa huruma na kuzuia vifo. Lakini mwaka 2011 utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi kadhaa, uitwao HPTN 052, ulionyesha kwamba mtu anayeanza dawa mapema hupunguza uwezekano wa kumwambukiza mwenza wake kwa asilimia 96. Sasa inajulikana kuwa mwenye VVU anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo haambukizi kwa njia ya kujamiiana. Yaani kidonge alichopewa yule "aliyejitakia" kilimkinga mkewe, na mtoto ambaye hajazaliwa. Angetozwa, wa kwanza kuumia wangekuwa watu ambao hawakuchagua lolote.

Kifua kikuu kinafundisha hilo hilo kwa haraka zaidi. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6, na mnywaji ni rahisi kuyakatiza. Akikatiza, wadudu wanaweza kuwa sugu na matibabu ya pili yakawa marefu na ya gharama kubwa. Inakera, hasa kwa mhudumu wa jamii aliyemfuata nyumbani mara tano. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema mgonjwa asiyetibiwa anaweza kuambukiza watu 5 hadi 15 walio karibu naye kwa mwaka. Ukimnyima dawa kwa sababu ni mlevi, atakwenda wapi kukohoa? Kilabuni, kwenye daladala, na kwenye chumba anacholala na watoto.

Kuna kujificha kwingine kudogo ambako hakutangazwi. Mtu anayeogopa kuhukumiwa hudanganya. Anaulizwa "unakunywa?" anajibu "hapana". Anapewa metronidazo, wengi wanaiita Flagyl, kisha jioni anakunywa na anaweza kuishia kutapika na moyo kumwenda mbio. Au anameza dawa za kifua kikuu huku akinywa kila siku, na ini linabeba mizigo miwili. Muuguzi asiye na taarifa sahihi hawezi kumkinga. Ukienda kutibiwa, sema ukweli kuhusu pombe, sigara, ugoro na dawa za kienyeji. Na muuguzi anayesikia ukweli huo asiugeuze kuwa hadithi ya kijiji.

Masharti ambayo tumeshayajaribu

Mtu anaweza kudhani mjadala huu ni wa nadharia. Wanawake wa vijijini wanajua siyo. Katika baadhi ya vijiji vya Tanzania, sheria ndogo zimetoza faini wanaojifungulia nyumbani. Nia ilikuwa njema: mama anayetokwa na damu nyumbani anaweza kufa kabla usafiri haujapatikana, na kituoni kuna sindano ya kuzuia hiyo damu. Lakini uchungu hauchagui saa. Mwanamke anayeishi umbali wa saa nne kwa miguu, mto umejaa, mume yuko machungani, hakuchagua kujifungulia nyumbani. Amejifungulia pale uchungu ulipomkuta. Kisha anaogopa faini, na hampeleki mtoto kliniki kupata chanjo wala kadi.

Sharti jingine ni la kuja kliniki na mume. Lengo lilikuwa wote wawili wapimwe VVU na baba ashiriki kulea mimba, na baba kushiriki ni jambo jema. Lakini watafiti waliofanya kazi kusini mwa Tanzania waliandika mwaka 2018 kuhusu wanawake waliorudishwa nyumbani kwa sababu wamekuja peke yao. Wengine hudaiwa barua ya mwenyekiti wa kitongoji kuthibitisha kwamba mume hayupo. Imeripotiwa pia kwamba wapo waliomwomba mwanamume mwingine, hata dereva wa bodaboda, asimame kama mume ili wapite. Tujiulize hapo nani amepimwa, na nani ameadhibiwa kwa uamuzi wa nani. Mume ndiye aliyekataa kuja. Mimba ndiyo iliyokosa kipimo cha damu na vidonge vya madini ya chuma.

York na Singapore

Nchi tajiri nazo zimejaribu. Uingereza ina mfumo wa afya ya umma, NHS, ulioanza mwaka 1948, ambao mgonjwa halipi anapotibiwa. Septemba 2016 ofisi inayosimamia huduma eneo la York ilitangaza kwamba watu wanene kupita kiwango fulani wangesubiri upasuaji usio wa dharura hadi mwaka mmoja, na wavutaji sigara hadi miezi 6, isipokuwa wapunguze uzito au waache sigara. Ofisi hiyo ilikuwa na upungufu wa fedha, na wengi waliona hiyo ndiyo sababu yenyewe. Chama cha madaktari wa upasuaji kilipinga, na uongozi wa juu wa NHS ukaitaka isimamishe kwanza mpango huo. Fikiria mtu anayesubiri kufanyiwa upasuaji wa goti: ameambiwa apunguze uzito kwanza, na goti hilo ndilo linalomzuia kutembea.

Singapore ilikwenda tofauti. Tangu Desemba 8, 2021, aliyekataa chanjo ya Korona kwa hiari, akaugua, alitakiwa kujilipia gharama ambazo awali serikali ilizibeba zote. Lakini hakunyimwa kitanda, na aliruhusiwa kutumia bima na ruzuku za kawaida kama mgonjwa mwingine yeyote. Wasioweza kuchanjwa kwa sababu za kiafya, na watoto walio chini ya miaka 12, hawakuhusika. Kama kuna kanuni ya aina hii inayoweza kutetewa, ni hiyo: uamuzi ulikuwa mmoja, wa wazi, ulioandikwa kwenye kumbukumbu, chanjo ilikuwa bure na karibu na kila nyumba. Sasa ilinganishe na kijiji ambacho chanjo hufika kwa pikipiki barabara ikiwa imekauka.

Wapo watakaosema: mbona madaktari wenyewe hukataa kumbadilishia ini mtu anayekunywa? Kweli, huangalia hilo. Mwanasoka maarufu George Best, aliyechezea Manchester United, alipandikizwa ini nchini Uingereza mwaka 2002. Alirudia pombe, na alifariki Novemba 2005 akiwa na miaka 59. Watu walikasirika, kwa kuwa maini ya kupandikiza ni machache na kuna aliyekuwa akisubiri. Ila daktari anayepima mgonjwa kabla ya kumpa ini anauliza swali la mbele: ini hili litadumu katika mwili huu? Anayemwambia mvutaji aache sigara wiki kadhaa kabla ya upasuaji naye anatazama mbele, kwa kuwa vidonda vya mvutaji huchelewa kupona. Kanuni ya kutoza faini inatazama nyuma. Inauliza umestahili nini. Maswali hayo mawili yanafanana kwa maneno, na mara nyingi la pili hujificha nyuma ya la kwanza.

Kulipia dukani badala ya mlangoni

Hata hivyo kilio cha kwamba mtumiaji achangie zaidi kina jibu ambalo halihitaji muuguzi kuwa hakimu. Achangie anaponunua, akiwa mzima, fedha ikiwa mkononi. Mwaka 2001 Thailand iliongeza asilimia 2 juu ya ushuru wa pombe na tumbaku, na fedha hiyo inaendesha shughuli za kulinda afya. Mwaka 2012 Ufilipino ilipandisha kodi ya sigara na pombe, na sehemu kubwa ya kilichoongezeka ikaenda kulipia bima ya watu maskini. Sheria ya Tanzania ya 2023 imepita njia hiyo kwa sehemu. Kati ya vyanzo vya mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo imetaja ushuru wa pombe, vinywaji baridi na vipodozi.

Uzuri wa njia hii ni kwamba kila pakiti inalipa, awe anaivuta mkurugenzi au kibarua. Bei ikipanda, wengine hupunguza, hasa vijana na wenye kipato kidogo. Kasoro yake ni gongo. Chang'aa na gongo hazina stempu ya ushuru, na bia ikipanda sana baadhi ya watu huhamia huko. Mei 2014 nchini Kenya, pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, na wengine wakapoteza uwezo wa kuona. Walichagua kunywa, ndiyo. Methanoli hawakuichagua. Kwa hiyo kodi peke yake haitoshi bila mtu wa kufuatilia kinachouzwa kilabuni, na katika vijiji vingi mtu huyo anakunywa hapo hapo.

Ukiambiwa "ulijitakia"

Kwa Tanzania, hakuna kundi la msamaha linalofutwa kwa sababu ya pombe, sigara, kuja bila mume au kujifungulia nyumbani. Ukirudishwa kwa sababu ya namna hiyo, muulize kwa adabu mganga mfawidhi wa kituo kanuni hiyo imeandikwa wapi. Asipokuridhisha, kuna kamati ya kituo yenye wawakilishi wa wananchi, na juu yake mganga mkuu wa wilaya. Namba za malalamiko kwa kawaida hubandikwa ukutani. Zipige picha kwa simu yako siku ambayo huumwi. Kamati hiyo ndiyo pia inayoweza kuulizwa dawa na vifaa vilivyopokelewa mwezi huu ni vingapi na vimetumikaje. Swali hilo ni la haki ya kila mwanakijiji, na majibu yake yanaweza kuonyesha kwamba waliomaliza nyuzi si walevi.

Kwa majeruhi wa ajali au ugomvi kuna fomu ya polisi, PF3. Wengi hudhani bila hiyo hawawezi kuguswa, na anayeogopa polisi kwa sababu alikuwa amelewa hubaki nyumbani mpaka kidonda kioze. Msimamo uliorudiwa na viongozi wa serikali ni kwamba ambaye maisha yake yako hatarini anatibiwa kwanza, fomu inafuatwa baadaye. Nchini Kenya jambo hili limo ndani ya Katiba ya 2010, ibara ya 43: mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Ukimbeba jirani aliyeanguka na pikipiki, mpeleke moja kwa moja kituoni, mtu mwingine aende polisi, na umweleze muuguzi ukweli wote: alikunywa nini, saa ngapi, na kama alipoteza fahamu. Usingizi wa pombe na usingizi wa kuvuja damu kichwani hufanana, na mgonjwa aliyepigwa kichwani hapaswi kuachwa alale "mpaka pombe iishe".